Nani Anaulizwa? Namna ya Kugawa Majukumu Katika Timu ya Roboti ya Shule

Timu nyingi za roboti huanza kwa kugawana vyeo. Wanafunzi kumi wanakaa darasani Jumamosi asubuhi, mwenyekiti anachaguliwa kwa kunyoosha mikono, anafuata makamu, katibu, mhazini, na waliobaki wanaitwa "wajumbe". Mtindo huu tumeuzoea kwenye vikoba na kamati za harusi, na huko unafanya kazi. Kwenye roboti haufanyi. Betri ikikata katikati ya mechi, makamu mwenyekiti hana msaada wowote. Anayetakiwa ni aliyeichaji jana usiku.

Mwongozo huu ni wa walimu walezi na wanafunzi wa sekondari za Arusha na Moshi wanaoanzisha timu, au wenye timu ambayo watu watatu wanafanya kila kitu na saba wanatazama. Nimechukulia mko kumi hivi, mna kompyuta moja au mbili, bodi ya Arduino (kibodi cha umeme kinachopokea programu na kuiongoza roboti) au seti ya vifaa vya mashindano, na chumba ambacho hamkipati kila siku.

Anzeni na kanuni za mashindano

Kabla hujagawa lolote, jua shindano lenu linapima nini, maana hilo ndilo linaloamua kazi zipo ngapi. World Robot Olympiad huchukua timu za wanafunzi wawili au watatu na kocha wao. Huko kugawa "idara" ni mchezo wa kuigiza, kila mtu atabeba kazi nne. FIRST Tech Challenge inaruhusu hadi wanafunzi 15, na mechi yake ina sekunde 30 ambazo roboti inajiendesha yenyewe, kisha dakika 2 za kuendeshwa kwa rimoti. Sekunde hizo 30 peke yake zinadai mtu wake. FIRST Global, iliyoanza Washington mwaka 2017, kila nchi huleta timu moja, na mnacheza kwa muungano na timu za nchi nyingine. Hapo mtu wa kuzungumza na wageni ni kazi kamili, wala si jambo la kupachikwa kwa yeyote aliye karibu.

FIRST LEGO League ndiyo inayowaumbua wengi. Wanaona roboti mezani, wanadhani shindano ni roboti. Kumbe roboti kucheza mezani ni sehemu moja kati ya nne. Nyingine ni usanifu wa roboti, mradi wa ubunifu, na namna timu inavyofanya kazi pamoja, na uzito wa sehemu hizo umekuwa sawa. Ukiweka wanafunzi wanane kwenye roboti na wawili kwenye mradi, umeshaamua kupoteza kabla hujafika.

Kwa hiyo jukumu la kwanza kupata mwenyewe ni la msoma kanuni. Kitabu cha kanuni ni kirefu, kiko kwa Kiingereza, na kinabadilishwa msimu ukiwa unaendelea. Mpe mwanafunzi mwenye tabia ya kubishana. Kila timu anaye mmoja, yule anayesema "lakini Mwalimu, hapa imeandikwa…" Badala ya kumnyamazisha, mkabidhi kitabu, na kuanzia siku hiyo neno lake kuhusu kanuni liheshimiwe mpaka mtu aonyeshe ukurasa unaompinga.

Andikeni maswali, vyeo vitakuja vyenyewe

Chukueni karatasi kubwa ya manila. Msiandike "Mkuu wa Idara ya Umeme". Andikeni maswali ambayo mtu atakuja kuuliza mambo yakiwa magumu, na mbele ya kila swali pawe na jina la anayeulizwa. Kwa timu ya kawaida maswali yanafanana na haya:

Betri ipi imejaa, na ipi haifai tena?
Roboti ikilegea nati, nani anaikaza na kwa spana ipi?
Programu ya mwisho iliyofanya kazi iko wapi?
Kanuni inasemaje?
Jumamosi iliyopita tuliamua nini, na kwa nini?
Hela imebaki kiasi gani, na risiti ziko wapi?
Vifaa vilivyotoka leo vimerudi vyote?
Waya huu unatoka wapi kwenda wapi?
Nani anaeleza mradi wetu kwa majaji?
Leo tumekuja kufanya nini?

Ukiona swali halina mtu, hapo pana kazi iliyosahaulika. Ukiona jina moja limejitokeza kwenye maswali matano, hapo timu yenu itakwama siku huyo mtu akiugua malaria. Na ukikuta mwanafunzi ambaye jina lake halipo popote, usimbunie cheo cha "mhamasishaji". Tafuta swali linalomfaa au gawa moja lililo zito mara mbili.

Swali la programu lina undani wake. Mwanafunzi anayeandika programu huwa anabadilisha hiki na kile hadi usiku, na asubuhi roboti iliyokuwa inatembea imekuwa sanamu. Jukumu lake lijumuishe kuhifadhi: kila toleo lililofanya kazi uwanjani lipewe jina lenye tarehe, liwekwe mahali pawili, kwenye kompyuta na kwenye flashi inayokaa kwa mwalimu. Anayejua kuandika programu lakini hajui kuhifadhi, mpe msaidizi wa kuhifadhi tu. Msimdharau huyo msaidizi, siku ya mashindano ndiye atakayewaokoa.

Kwanza kila mtu ashike kila kitu

Majina yasiandikwe siku hiyo hiyo. Acheni wiki tatu au nne za mwanzo kila mmoja apite kila mahali: afunge gurudumu, alehemu waya, aandike programu ya kuwasha taa, aandike ukurasa wa daftari la timu, asimame aeleze walichofanya.

Hii ni muhimu zaidi kwa timu zenye mchanganyiko wa wavulana na wasichana. Bila mzunguko huu najua karatasi itakavyotoka: wavulana kwenye roboti, na msichana mwenye mwandiko mzuri amekuwa katibu. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, imetokea tu, na baada ya miezi miwili yule msichana hajawahi kushika bisibisi. Kuandika daftari ni kazi nzito na majaji wanaisoma, lakini apewe mtu aliyeichagua baada ya kuonja nyingine. Mwandiko mzuri usiwe adhabu.

Katika wiki hizo mwalimu kazi yake ni kutazama. Nani, kitu kikigoma, anakaa chini akakikagua taratibu? Nani anakiacha? Nani anaelezea wenzake bila kuwadhihaki? Alama za fizikia hazitakwambia hayo. Wapo wa daraja la kwanza ambao hawana subira ya waya, na wapo wanaosuasua darasani lakini wamekulia gereji za Unga Limited, wanajua kwa sikio tu kwamba gia inasaga.

Kalenda ya mitihani na mahali mtu anapolala

Hapa ndipo miongozo ya wenzetu wa ng'ambo haitusaidii. Shule zetu zinafungua Januari. Kidato cha sita wana mtihani Mei. Kidato cha pili na cha nne wana mitihani ya taifa mwishoni mwa mwaka, na ukweli ni kwamba kidato cha nne wanaanza kupotea klabuni mapema zaidi, wakishaingia kwenye mitihani ya majaribio na masomo ya ziada. Mkimpa wa kidato cha nne funguo za kila kitu mwezi wa pili, mwezi wa tisa mnabaki na mlango uliofungwa. Kazi zinazohitaji mtu wa mwaka mzima, kama programu, umeme na daftari, ziwe na mwenyewe wa kidato cha kwanza, cha tatu au cha tano. Wa kidato cha nne wawe wasaidizi na walimu wa wadogo zao.

Halafu kuna suala la bweni na kutwa. Wa bweni anapatikana jioni, anaweza kuchaji betri usiku na kuangalia umeme ukirudi baada ya kukatika. Wa kutwa anapita mjini kila siku. Basi manunuzi mpe wa kutwa, hasa anayeshukia stendi au sokoni Kilombero, au kwa Moshi anayepita Mbuyuni: ndiye atakayechukua kifurushi kilichotumwa na basi kutoka Kariakoo, ndiye atakayeulizia bei ya skrubu kwa fundi watatu. Betri mpe wa bweni, kwa ruhusa ya matroni au patroni na kwa sharti kwamba zinachajiwa mahali penye mtu, kamwe si chini ya godoro. Betri za lithiamu zikichajiwa vibaya zinawaka moto, hilo si la mzaha.

Anayekaa mbali, tuseme Usa River wakati shule iko Sakina, asipewe kazi inayomtaka awe wa mwisho kuondoka. Daladala za jioni zina mambo yake, na mzazi akishalalamika mara moja, mwanafunzi huyo amekwisha kwenye timu.

Kila swali majina mawili

Sasa jazeni karatasi. Kila swali liwe na mwenyewe na msaidizi. Mwenyewe ndiye anayejibu; msaidizi anatakiwa aweze kujibu siku ambayo mwenyewe hayupo. Njia rahisi ya kuhakiki: Jumamosi moja kwa mwezi wenyewe wote wakae pembeni, mikono nyuma, wasaidizi waiwashe roboti peke yao tangu kwenye kasha mpaka uwanjani. Inachekesha, inachukua muda, na inaonyesha wazi nani amekuwa akificha ujuzi. Maana wapo. Kuna mwanafunzi ambaye akijua jambo hataki mwingine alijue, kwa kuwa ndilo linalompa heshima. Huyo hahitaji kukaripiwa. Mwambie tu kwamba kipimo cha kazi yake ni msaidizi wake.

Msaidizi wa swali moja awe mwenyewe wa swali lingine lililo jirani. Wa programu amsaidie wa umeme, wa umeme amsaidie wa mekanika. Hivyo watu wanalazimika kuzungumza.

Mahali pasipo na mwenyewe: maungio

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu timu nyingi zilizojigawa vizuri zinafia hapa.

Mmeshakuwa na wa mekanika, wa umeme na wa programu. Jumamosi moja roboti inaambiwa iende moja kwa moja, inavuta kushoto.

"Programu iko sawa, gurudumu lenu linasugua."
"Halisugui. Betri imechoka."
"Betri nimeichaji jana, angalieni programu yenu."

Saa nzima inapita hivyo, na kila mmoja anasema kweli kwa upande wake. Kosa liko kati yao: kwenye waya unaotoka bodini kwenda kwenye mota, ambao wa umeme anauona ni wa mekanika na wa mekanika anauona ni wa umeme. Ndiyo maana kwenye karatasi niliweka swali la "waya huu unatoka wapi kwenda wapi?" Mwenye swali hilo ndiye mtu wa maungio. Hajengi wala haandiki programu. Anahakikisha vipande vinakutana, na ubishi ukitokea yeye ndiye anayeongoza uchunguzi, wengine wanafuata.

Uchunguzi wa roboti inayovuta upande mmoja uende hivi. Pandisheni roboti juu ya vitabu viwili magurudumu yaelee, iwasheni. Yakizunguka sawasawa hewani, anzieni kwenye uzito na msuguano: upande mmoja umeelemewa, au gurudumu linagusa fremu likikanyaga chini. Yakitofautiana hewani, zimeni umeme, chomoeni waya za mota zote mbili pale bodini na mzibadilishane, za kushoto ziende kulia. Washeni tena. Ulegevu ukihamia gurudumu la pili, tatizo liko kwenye bodi au kwenye programu. Ukibaki kwenye gurudumu lile lile, ni waya wa mota hiyo, mota yenyewe, gia au ekseli. Dakika chache tu, na sasa mnajua nani afanye kazi na nani akanywe chai.

Mtu wa maungio ajue na namba chache kwa kichwa. Betri mbili za lithiamu za aina ya 18650 zilizounganishwa mfululizo ni volti 7.4 kwa kawaida na 8.4 zikijaa. Bodi ya kuendeshea mota ya L298N, ambayo imeenea kwenye klabu za shule kwa sababu ya bei yake, inakula karibu volti 2 kabla umeme haujafika kwenye mota. Mwenye programu akilalamika kwamba kasi aliyoipima Jumatano imebadilika Jumamosi, jibu mara nyingi liko hapo: alipima betri ikiwa imejaa. Na zile mota za njano za plastiki hazilingani hata zikitoka pakiti moja, kwa hiyo mekanika asilaumiwe kwa kila mchepuko.

Kazi hii mpe mtu mtulivu anayejua kidogo kidogo kila kitu. Mara nyingi si yule hodari kuliko wote.

Nani ataendesha

Hakuna jambo linalovunja urafiki kama rimoti. Msipige kura, msimpe mkubwa, na msimpe aliyetoa wazo la kuanzisha timu. Fanyeni jaribio la wazi.

Wekeni kazi moja inayofanana na ya mashindano, kwa mfano kuokota vitu vitatu na kuvipeleka kwenye boksi. Kila anayetaka kuendesha aifanye mara tano, mwingine akishika saa, matokeo yakiandikwa ubaoni mbele ya wote. Kisha msitazame muda bora. Tazameni muda mbaya. Anayemaliza kwa sekunde 40, 42, 41, 44 na 41 ni dereva bora kuliko aliyemaliza mara moja kwa 31 na mara nyingine akapindua roboti. Kwenye FIRST Tech Challenge zinaruhusiwa rimoti mbili, basi chagueni wawili wanaoelewana kwa neno moja, mmoja wa magurudumu na mmoja wa mkono wa roboti.

Msiruhusu mwandishi wa programu awe dereva, hata kama ameshinda jaribio. Mechi ikiisha dereva anatetemeka mikono na anahitaji kusimulia alichokiona uwanjani, na wakati huo huo mwenye programu anahitajika kwenye kompyuta. Mtu mmoja hawezi yote mawili.

Nahodha awe wa mwisho kuchaguliwa

Mmeona sijamtaja mpaka hapa. Swali lake ni lile la mwisho, "leo tumekuja kufanya nini?", na mtu wa kulijibu anajulikana mkishafanya kazi pamoja. Asiwe kaka mkuu au dada mkuu kwa sababu ya cheo hicho. Ana majukumu tosha, na wadogo watamwogopa. Asiwe fundi wenu bora pia, atakuwa anajenga wakati anatakiwa kutazama saa. Nahodha anafungua kila kikao kwa kuwauliza wenye maswali mmoja mmoja, kwa dakika moja kila mtu, na anafunga kikao mapema kiasi cha vifaa kurudi kashani. Shughuli yake ni hiyo, na kuifanya kila Jumamosi bila kukosa si kazi ndogo.

Siku ya mashindano

Majukumu yanabadilika kwa siku hiyo, na yaandikwe upya kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa ndani ya mfuniko wa kasha la vifaa. Kati ya mechi na mechi kuna dakika chache tu. Mmoja anabadilisha betri, mmoja anagusa kila nati kwa mkono, mmoja yuko na kompyuta lakini haruhusiwi kubadilisha programu bila nahodha kukubali. Wawili wanazunguka kutazama roboti za wengine, hasa pale mnapocheza kwa muungano. Mmoja analinda meza. Simu na chaja hupotea hata kwenye mashindano ya wanasayansi.

Majaji wakija, wanaweza kumuuliza yeyote. Usimweke mbele mwenye Kiingereza kizuri asiyejua roboti. Wanamgundua kwa swali la pili. Wa umeme aeleze umeme, hata kama sentensi zake ni fupi. Fanyeni mazoezi ya kueleza mkianza kwa Kiswahili, mpaka kila mtu awe na jambo la kusema, ndipo mhamie Kiingereza.

Mtu akishindwa kazi yake

Pitieni karatasi kila baada ya majuma mawili. Mwenye betri akija mara ya tatu na betri tupu, nahodha azungumze naye peke yake kwanza. Huenda bwenini hakuna soketi inayofanya kazi na ameona aibu kusema. Ikiwa ni uzembe, msaidizi anapanda na yeye anashuka kuwa msaidizi, bila hotuba. Kazi zinazochosha, kama vifaa na betri, ziwe za zamu ya mwezi. Kazi zinazohitaji kuzoea, kama programu na daftari, zisizungushwe ovyo.

Msimu ukiisha, wa kidato cha nne na cha sita wakabidhi kwa maandishi: daftari, flashi yenye programu, orodha ya vifaa iliyohesabiwa na watu wawili, na nywila za akaunti zote za timu. Nywila zibadilishwe siku hiyo hiyo, mpya ziandikwe kwenye bahasha na kufungiwa kabatini kwa mwalimu mlezi, kabla basi la kwenda likizo halijafika getini.